Gadi wa kushuti kwanza kwenye timu ya pasi: anaingia au anatuvunjia timu?

#1 Mleta uzi

Assalaam alaykum wadau wa kikapu, Unguja, Pemba na mlioko bara. Kuna ubishi umetuwakia barazani tangu kabla ya Ramadhani na mpaka leo haujesha, nimeona niulete hapa.

Timu yetu, jina naliweka kando, miaka yote inacheza kwa pasi. Hatuna mrefu wa kutisha wala mtu wa kudanki, tulichonacho ni watu wanaojuana tangu skuli, mpira unazunguka, mmoja anakatia ndani mwengine anatoka kona, mpaka anapatikana alie wazi ndo anashuti. Tukishinda tunashinda hivyo. Sasa msimu huu tumempata gadi, yaani mchezaji wa nje, kijana mdogo, mkono anao wallahi, anashuti anarudi nyuma, anashuti na mtu usoni, hata jioni za kusi pale Maisara wakati wengine wote mipira inawapeperuka na upepo wa baharini yeye anaipata. Shida yake akishika mpira cha kwanza anachokitizama ni ringi, wenzake anawatizama akishakwama.

Baraza limegawika mapande mawili. Wakubwa wanasema apunguzwe, apangiwe idadi ya mitupo kwa mechi, akizidisha akae benchi. Vijana wanasema mwachieni mpira, mwenye mkono hafungwi kamba, nyie wengine simameni kona mumsubiri.

Mie nasema kijana anaingia na timu inabaki timu, ila pande zote mbili zinapima kitu sicho. Wote wanahesabu mitupo. Mie nataka tuhesabu muda, mpira unakaa kiasi gani mkononi mwake kabla haujatoka, uwe umetoka kwa kushuti au kwa pasi. Kinachoua ofensi ya timu ni kule kudunda dunda pale juu, wenzake wanne wamesimama, wanaokaba washajipanga, sekunde 24 tunazopewa za kushuti zinakwisha, halafu anashuti kwa sababu hakuna tena la kufanya.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni Klay Thompson wa NBA, ligi kuu ya kikapu Marekani. Tarehe 5 Disemba 2016 timu yake Golden State Warriors wanacheza na Indiana, huyu bwana kafunga pointi 60 ndani ya dakika 29. Kashuti mara 33. Mara 33! Kwa hesabu ya wakubwa wa baraza letu huyo ni mchoyo wa kupigwa marufuku. Lakini mpira aliudunda mara 11 tu mechi nzima, na ukikusanya muda wote aliokaa nao mkononi dakika mbili hazifiki. Unamfika, unatoka. Hakuna aliesimama kumsubiri, hakuna pasi iliyokufa kwake, na ile timu ndo ilikuwa ikisifiwa dunia nzima kwa kucheza kwa pamoja.

Naomba hoja, kwani nataka nikirudi barazani niwe na la kusema, na kocha wetu anasomaga huku.

#2 Mpemba wa Wete

Waalaykum salaam. Yakhe uzi mzuri lakini mfano wako umeuchagua ule unaokusaidia. Klay si pointi gadi, yule wa kupandisha mpira na kupanga. Klay alikuwa na Stephen Curry anaepandisha mpira na alikuwa na Draymond Green anaemtafuta, yeye kazi yake ilikuwa kuzunguka skrini, yaani mwenzake anaesimama kumzuilia mkabaji, na kushuti. Huyo kijana wenu naona umesema gadi tu hujasema namba ngapi. Kama yeye ndie anaepandisha mpira basi kila ofensi inaanzia kwake na akitaka kushuti kwanza wengine hawapati kitu. Hebu mtaje mtu anaeshika mpira na anashuti kwanza na timu yake ikacheza kwa pamoja. Allen Iverson? Kachukua nini Iverson?

#3 Mleta uzi

Suali zuri na nilijua Iverson atatajwa, tena namtaka atajwe.

Iverson alipoingia NBA 1996, wa kwanza kuchaguliwa, alikuwa pointi gadi. Kocha Larry Brown alipomchukua kule Philadelphia hakumwambia apunguze kushuti. Alimtoa namba moja akampeleka namba mbili, gadi wa kushuti, kazi ya kupandisha mpira akampa Eric Snow, mrefu zaidi, mtulivu, mkabaji, hana haja na pointi. Iverson akawa anapokea mpira akiwa anakimbia, anatoka nyuma ya skrini, mwengine ndo anaumiza kichwa cha kupanga. Msimu wa 2000-01 akafunga wastani wa pointi 31.1, akawa MVP, mchezaji bora wa msimu, timu ikashinda mechi 56 na ikafika fainali. Mechi ya kwanza ya fainali kule Los Angeles kafunga 48 na wakashinda, na Lakers mtoano ule mzima hawakupoteza mechi nyengine isipokuwa hiyo.

Nakubali walifungwa 4-1 mwisho wake. Na nakubali kwamba ofensi ile haikuwa ya pasi kama yetu, ilikuwa difensi kali na Iverson. Alishuti mara 25 na ushei kwa mechi na alikuwa anapata asilimia 42 tu. Lakini tizama nani walikuwa pembeni yake: mwaka ule ule Dikembe Mutombo alichukua tuzo ya mkabaji bora, Aaron McKie tuzo ya anaetokea benchi, Brown tuzo ya kocha. Watu walikuwa na kazi zao, kila mmoja anaijua yake.

Halafu umetaka anaeshika mpira. Chukua Curry mwenyewe ulomtaja. Hapana mtu anaeshuti kwanza kama Curry, msimu wa 2015-16 kapiga pointi tatu 402, haijawahi kutokea kabla yake wala baada. Sasa nyuma ya hapo, msimu wa 2013-14, chini ya Mark Jackson, Warriors walikuwa wa mwisho kwenye ligi nzima kwa idadi ya pasi. Curry alikuwa na asisti, yaani pasi zinazozaa pointi, 8.5 kwa mechi. Akaja Steve Kerr 2014, akataka mpira utembee na Curry akimbie bila mpira, apige skrini, atoe arudi apokee tena. Asisti za Curry zikashuka mpaka 7.7. Za timu zikapanda wakawa wa kwanza ligi nzima, wakashinda mechi 67, wakachukua ubingwa 2015. Pointi zake mwenyewe hazikubadilika, 24.0 zikawa 23.8.

Hapo ndo nnapotaka watu wapatizame. Gadi kapungukiwa asisti na timu imeongeza pasi, na mitupo yake hakuna aliyemnyang'anya. Hichi ndo nnachomwambia kila mtu barazani na bado wananihesabia mitupo.

#4 Benchi la Nje

Iverson mmemaliza hadithi nusu. Semeni na ya pili.

Novemba 2008 Denver walimtoa Iverson wakampeleka Detroit, wakamchukua Chauncey Billups. Detroit msimu wa nyuma yake walishinda mechi 59, timu ya pasi na difensi, hakuna nyota anaemeza mpira, ndo ile ile iliyochukua ubingwa 2004 tena chini ya huyo huyo Larry Brown. Na Iverson wakashinda 39 wakapoteza 43 na Cleveland wakawatoa 4-0 raundi ya kwanza. Kule Denver Billups kawafikisha fainali ya kanda ya magharibi, mechi 54 walishinda. Kwenye mabadilishano walikuwemo na wengine, lakini kubwa ni hao wawili, unaona kabisa nini kimetoka na nini kimeingia.

Iverson yule yule. Mkono ule ule. Kilichobadilika ni kuwa alitiwa kwenye timu iliyoshajipanga kucheza bila ya mtu kama yeye. Na walipotaka aanzie benchi hakutaka kabisa, msimu wake ukakatika kabla ya mtoano. Kwa hiyo mleta uzi, timu yenu inafanana na ipi, Philadelphia iliyojengwa kumzunguka yeye au Detroit? Kwa maelezo yako mie naona Detroit. Watu wanaojuana tangu skuli.

#5 Mleta uzi

Benchi la Nje hoja yako imenikaa, hiyo ndo hoja ngumu kuliko zote hapa na nitairudia baadae, nataka kwanza nione wengine.

#6 Mtoto wa Kikwajuni

Mchoyo ni mchoyo tu. Asiepasi akae nje.

#7 Mwalimu wa Michezo

Nafundisha watoto wa skuli kikapu kwa muda mrefu, wa kike na wa kiume, naomba niseme kidogo kwa upande wa ufundishaji.

Kwanza kijana anaependa kushuti si mgonjwa. Makocha wengi hapa petu mtoto akishuti akakosa anapigiwa kelele mbele ya watu, matokeo yake tunazalisha timu nzima ya watu wanaoogopa ringi, mpira unazunguka unazunguka kila mtu anampa mwenzake mpaka mwamuzi anapiga filimbi. Huo nao tunauita mchezo wa timu. Pasi isiyomtisha mtu anaekaba haina kazi, mkabaji anakaa pale pale katikati anakusubiri. Kama mna mtu mmoja ambae akipokea mpira wapinzani wanashtuka, mshukuruni Mungu, wengi hatuna.

Pili nani alikuwa anashuti kwanza kuliko Michael Jordan? Msimu wa 1986-87 wastani wa pointi 37.1 na Boston wakawatoa 3-0 raundi ya kwanza. Phil Jackson alipopewa timu yake, Chicago, 1989 alishika mfumo wa pembetatu wa msaidizi wake Tex Winter. Ule mfumo hautaki mtu asishuti. Unataka kila mtu ajue asimame wapi, mpira ukienda upande huu huyu anakata, yule anajaza nafasi, na mwenye mpira kila wakati ana watu wa kuwapa bila kuwatafuta kwa macho. Jordan 1990-91 alikuwa bado anafunga 31.5 na bado anaongoza ligi kwa pointi. Ubingwa wa kwanza huo. Mechi ya tano ya fainali, Lakers wanamkimbilia yeye, John Paxson yuko wazi anapewa anafunga, pointi 20 alipata siku ile.

Tatizo la vijana wetu wa leo nionavyo mimi wanajifunzia mpira kwenye simu. Vipande vya nusu dakika, mtu anadunda katikati ya miguu mara nane halafu anashuti. Hawaoni skrini aliyopigiwa kabla, hawaoni mtu wa kona aliyemvuta mkabaji akatoka. Mimi nikiwafundisha nawawekea mechi nzima, na nawaambia wamtizame mtu asiekuwa na mpira.

Na jambo moja dogo watu hawalitii maanani. NBA wanacheza dakika 48, sisi kwa sheria za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, tunacheza 40. Huyo kijana akitazama nyota anashuti mara 25 akasema na mimi nishuti 25, kwenye dakika 40 hiyo ni sehemu kubwa zaidi ya mpira wa timu.

#8 Bi Mkunazini

Naona kaka zangu mmesahau kwamba na sisi tunacheza. Mtizameni Caitlin Clark. Chuoni Iowa kafunga pointi 3,951, hakuna aliewahi kufikisha hizo kwenye kikapu cha vyuo daraja la kwanza Marekani, mwanamke wala mwanamme. Anashuti mpaka kutoka kwenye nembo ya katikati ya uwanja. Mtu akisoma hivyo anasema huyu mchoyo. Alipoingia WNBA, ligi ya wanawake, 2024, msimu wake wa kwanza, kaweka rekodi ya asisti za msimu, 337, na mechi moja katoa 19.

Nataka kusema nini. Anaetishia kushuti ndie anaepata nafasi ya kupasi, kwa sababu wanamfuata wawili kule juu kabisa, na ukifuatwa na wawili hesabu ni nyepesi, wenzako wanne wanacheza na watu watatu. Kinachotakiwa ni kitu kimoja tu, wale wawili wakimfikia mpira uwe ushatoka, usingoje wakamfunga. Hapo ndo pa kumfundisha huyo kijana. Mleta uzi swali langu kwako, je akifuatwa na wawili anafanya nini? Maana mie nshacheza na magadi aina hiyo, akifuatwa na wawili ndo anapandwa na hamu zaidi ya kuwapita wote, na mimi nipo chini ya ringi peke yangu nimenyanyua mkono.

#9 Mleta uzi

Bi Mkunazini ahsante, na suali lako ndo suali lenyewe.

Baada ya kusoma uzi huu nilikaa nikazitizama tena video za mechi zetu za karibuni, zile anazorikodi mmoja wetu kwa simu pale kando. Safari hii sikutizama mpira umeingia au haukuingia, nilitizama saa. Na niliyoyaona ni haya: akiupokea mpira ukiwa umetoka kwa mwengine, yaani yeye yuko pembeni anapewa, kijana anaamua haraka, anashuti au anaingia au anatoa, na hapo anapata sana. Akiupandisha mwenyewe kutoka nyuma anakaa nao mpaka nusu ya muda inakwisha, anajaribu chenga, anarudi, anajaribu tena, na hapo ndo anafuatwa na wawili na ndo tunapoteza mpira. Mtu mmoja huyo huyo, kinachotofautisha ni wapi mpira umeanzia.

Kwa hiyo Mpemba wa Wete uliuliza namba ngapi, jibu ni kwamba tulimpa namba moja kwa sababu ndie anaedunda vizuri kuliko wote. Kila mtu hapa petu anafikiri anaedunda vizuri ndo pointi gadi. Na hilo ndo nataka tubadilishe, sio yeye.

Na weye Benchi la Nje, nimeahidi kurudi. Ni kweli timu yetu ni ya watu walioshajipanga kama Detroit. Lakini naiona tofauti moja kubwa. Iverson alifika Detroit ana miaka 33, msimu ushaanza, mazoezi ya kujuana hakuna, na alietoka ni yule yule Billups ambae ndie aliekuwa akiipanga timu. Sisi hatujamtoa mtu. Yule gadi wetu wa zamani bado yupo, anajua timu yote, hana haraka, na hana haja ya pointi. Snow wetu tunae! Tulimuweka benchi ili kijana aanze. Naona tulichokosea hatukumweka kijana kando yake, tulimuweka mahali pake.

Mtoto wa Kikwajuni, kijana wetu simuoni kuwa mchoyo. Nje ya uwanja ndie wa kwanza kubeba maji ya wenzake, na mdogo wake akija mazoezini anamfundisha. Ni mtu aliyejifunza mpira peke yake, ringi moja mtaani, hakuwahi kuwa na wa kumpasia. Tusimpe jina baya kwa kitu ambacho hakuna alieshamuonesha.

#10 Mpemba wa Wete

Hapo sasa umesema la maana, hilo la kumrudisha yule wa zamani apandishe mpira. Ungelianza nalo.

Lakini nataka uliangalie upande wa pili pia. Mnasema yeye yeye. Wale wanne jee? Mie nimeona Gombani na nimeona hapa Wete, mtu akishajulikana kuwa anashuti wenzake wanaacha kukimbia. Wanasimama. Hawapigi skrini, hawakati, wanasema si atashuti tu. Halafu mpira ukiwafika wanashtuka. Basi lawama anaibeba mmoja. San Antonio Spurs wa 2014 waliochukua ubingwa hakuna mchezaji hata mmoja aliecheza wastani wa dakika 30 msimu ule, na mle ndani wamo Tony Parker na Manu Ginóbili ambao wote wawili kwa asili yao ni watu wa kuiendea ringi. Parker kawa mchezaji bora wa fainali 2007 kwa kufunga. Ginóbili ndie huyo alieipa Argentina 29 mwaka 2004 Athens wakawatoa Marekani kwenye nusu fainali 89-81, na ile Marekani Iverson alikuwemo. Na huyu Ginóbili Spurs wakamwambia uanzie benchi na akakubali, kapata mpaka tuzo ya 2008 ya anaetokea benchi. Kwa hiyo na tabia ya mtu inahusika, usiniambie kila kitu ni mfumo.

#11 Benchi la Nje

Hapo kwenye tabia nakuunga mkono Mpemba. Ginóbili na Iverson wote walipewa benchi, mmoja akakubali. Na Ginóbili kule benchi hakupunguziwa mpira, akiingia anakutana na kikosi cha pili na yeye ndie bwana wa mpira hapo, dakika kumi hizo ashuti atakavyo. Mleta uzi hilo nalo lifikirieni, dakika za mwanzo wa robo ya pili wenzake wakubwa wakipumzika, apewe mpira aupandishe mwenyewe na hapo mwachieni. Kijana apate pake pa kujichezea, kwengine kote acheze na wenzake. Mie bado nina wasiwasi lakini hivyo naona inawezekana.

#12 Mwalimu wa Michezo

Kwa mazoezini, zoezi ninalolitumia na linafaa sana: chezeni watano kwa watano, na yeyote anaepokea mpira hana ruhusa ya kudunda zaidi ya mara mbili. Ashuti, aingie, au atoe. Sheria iwe ya wote, msimuwekee yeye peke yake, akiona kawekewa peke yake anajua anaadhibiwa. Mtashangaa, watakaosumbuka zaidi ni wale waliozoea kusimama, kwa sababu mwenye mpira akitafuta wa kumpa haraka anawakuta hawapo.

Na mtupo mwachieni. Alie wazi miguu imetulia na ashuti hata kama mpira ndo kwanza umevuka nusu uwanja. Msimrudishe kwenye woga.

Halafu mwekeeni mtu wa kando wa kuhesabu sekunde 24 kwa sauti. Viwanja vyetu vingi saa ile haipo, vijana wanacheza hawajui zimebaki ngapi, ndo maana wengine wanadhani wana muda wa kudunda mpaka magharibi.

#13 Bi Mkunazini

Na Shai Gilgeous-Alexander mbona hamumtaji? Msimu wa 2024-25 kaongoza ligi pointi 32.7, MVP, na Oklahoma City wamechukua ubingwa mbele ya Indiana 4-3. Anafunga kwanza kuliko wote na timu ile inacheza kwa pamoja, asisti 6.4 zake zinatosha kwa sababu wenzake wote wanajua kukata na kukaba. Anaesema haiwezekani aanze na huyo.

Suali la mwisho kutoka kwangu, mpira wa mwisho mnampa nani? Sekunde kumi zimebaki mmezidiwa moja. Hapo ndo timu huvunjika, mazoezi yote yanasahaulika.

#14 Mleta uzi

Bi Mkunazini, mpira wa mwisho anapewa kijana. Silifichi hilo na hata yule gadi wa zamani nimemuuliza kasema ampe yeye.

Ila nampa kwa mfano wa 1997. Mechi ya sita ya fainali Chicago na Utah, 86 kwa 86, Jordan anajua John Stockton atamuacha mtu wake aje kumsaidia mwenzake kukaba, na kabla hawajarudi uwanjani kashamwambia Steve Kerr awe tayari. Stockton kaja kweli, Jordan katoa, Kerr kapiga, ubingwa. Huyo Kerr ndie aliyekuja kumfundisha Curry baadae, na nafikiri alichomfundisha alikijua kwa mwili wake mwenyewe, yeye ndie aliekuwa akisubiri pasi ya mtu anaeshuti kwanza.

Kerr alikuwa tayari kwa sababu mpira ulikuwa ukimfika mechi nzima. Ukimuweka mtu kona dakika 39 hajaugusa halafu sekunde ya mwisho unamtupia, mikono imempoa. Kwa hiyo mpango wa mpira wa mwisho unaanza robo ya kwanza.

#15 Mpemba wa Wete

Na huyo wa kona wenu anapata au ndo basi tena?

#16 Mleta uzi

Anapata akiwa amesimama miguu imetulia, kushoto zaidi kuliko kulia. Kocha kashausoma uzi, kanitumia ujumbe asubuhi: mazoezi yajayo yule wa zamani anapandisha mpira, kijana namba mbili, sheria ya kudunda mara mbili ni kwa wote, na robo ya pili dakika tano za mwanzo ni zake kijana kama alivyosema Benchi la Nje. Kijana mwenyewe nimekaa nae, nimemwambia hakuna anaempangia mitupo. Kauliza kitu kimoja tu, nani atampigia skrini. Nikamwambia senta wetu, na yeye atampigia senta. Video za mechi zinazofuata nitazitia hapa hapa muone na mseme.